Helen Taussig

Helen Brooke Taussig (24 Mei 1898 – 20 Mei 1986) alikuwa daktari wa watoto kutoka Marekani aliyejulikana kwa uchunguzi wake wa kasoro za moyo ambazo watoto huzaliwa nazo. Anahesabiwa kuwa mmoja wa waanzilishi wa tawi la tiba linaloshughulikia moyo wa watoto. Kwa kutumia eksirei inayoonyesha moyo ukiwa unapiga, alithibitisha kwamba kasoro nyingi zilizokuwa zikigunduliwa baada ya mgonjwa kufa zingeweza kutambuliwa mtoto akiwa bado hai. Ujuzi huo ndio uliomfikisha kwenye wazo la upasuaji uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1944 na ambao umeokoa maisha ya maelfu ya watoto.

Maisha ya awali

Taussig alizaliwa mjini Cambridge, Massachusetts, akiwa mtoto wa mwisho kati ya watoto wanne. Baba yake, Frank William Taussig, alikuwa profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mama yake, Edith Guild, alifariki kwa kifua kikuu Helen akiwa na umri wa miaka 11. Helen mwenyewe aliugua ugonjwa huohuo akiwa mdogo. Pia alikuwa na disleksia, yaani shida ya kusoma maandishi, na baba yake alimfundisha nyumbani kwa uvumilivu mkubwa mpaka akaweza kuendelea na masomo.

Elimu

Alisoma miaka miwili katika Chuo cha Radcliffe, kisha akahamia Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley na kupata shahada yake ya kwanza mwaka 1921. Alitamani kusomea udaktari, lakini wakati huo Harvard haikuwapa wanawake shahada ya tiba. Aliruhusiwa kuhudhuria baadhi ya masomo tu, tena akikaa kando na wanafunzi wa kiume. Baadaye alisoma anatomia katika Chuo Kikuu cha Boston, ambako mwalimu wake Alexander Begg alimshauri auchunguze moyo. Mwaka 1925 alitoa makala yake ya kwanza ya kisayansi, iliyohusu misuli ya moyo.

Alimalizia masomo yake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, ambacho shule yake ya tiba iliwapokea wanawake tangu ilipofunguliwa mwaka 1893. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1927.

Kliniki ya moyo wa watoto

Mwaka 1930 Edwards Park, mkuu wa idara ya watoto, alimpa Taussig usimamizi wa kliniki ya moyo katika hospitali ya watoto ya Harriet Lane, iliyokuwa sehemu ya Johns Hopkins. Wagonjwa wengi wa kliniki hiyo walikuwa wameharibiwa moyo na homa ya rumatizimu. Park alimtaka ajifunze pia kasoro za kuzaliwa nazo. Mwanzoni kazi hiyo haikumvutia, kwa kuwa hapakuwa na tiba yoyote ya kumpa mtoto hata kama kasoro yake ingetambuliwa.

Wakati huohuo alikuwa akipoteza uwezo wa kusikia. Kwa daktari wa moyo hilo lilikuwa pigo kubwa, kwa maana uchunguzi wa moyo ulitegemea sana stetoskopu. Taussig alitumia kifaa cha kusaidia kusikia na akajifunza kusoma midomo ya watu. Alijizoeza pia kuweka vidole kifuani mwa mtoto na kuhisi mtetemo ambao madaktari wengine waliusikia kwa masikio.

Matumizi ya fluoroskopia

Kliniki ilikuwa imepata mashine ya fluoroskopia. Tofauti na picha ya kawaida ya eksirei, ambayo huonyesha kifua kikiwa kimetulia, fluoroskopia huonyesha kivuli cha moyo kikicheza kwenye kioo. Daktari alifanya kazi hiyo katika chumba chenye giza, baada ya macho yake kuzoea giza hilo.

Taussig alimtazama mtoto kutoka mbele, kisha akamgeuza upande mmoja na mwingine ili kila chumba cha moyo kionekane kwa zamu. Alimpa mtoto bariamu ya kumeza, ili umio uonekane na kudhihirisha kama moyo au mshipa mkubwa uliusukuma kutoka mahali pake. Aliangalia pia mapafu: yakionekana yenye mishipa minene, damu nyingi ilikuwa ikipita humo, yakionekana angavu bila alama za mishipa, damu ilikuwa haba. Alilinganisha aliyoyaona na mchoro wa umeme wa moyo na, mtoto alipofariki, na matokeo ya uchunguzi wa maiti.

Kwa njia hiyo alitambua kwamba kasoro ya aina moja huacha kivuli cha aina moja. Mfano wa mwanzo ulikuwa watoto ambao chumba cha chini cha kulia cha moyo hakikukua, kwa sababu vali ya kuingilia chumba hicho ilikuwa imeziba. Walipogeuzwa, sehemu ya kivuli ambapo chumba hicho kingeonekana haikuwapo. Mchoro wao wa umeme nao ulionyesha nguvu za upande wa kushoto, ilhali watoto wengi wenye rangi ya buluu walionyesha nguvu za upande wa kulia. Alichapisha maelezo ya kasoro hiyo mwaka 1936.

Watoto wa rangi ya buluu

Watoto wengi waliofika kwake walikuwa na tetralojia ya Fallot, iliyopewa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888. Kasoro hiyo ina mambo manne: tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo, njia nyembamba ya damu kuelekea mapafuni, aota iliyokaa juu ya tundu hilo, na misuli minene ya chumba cha kulia. Damu isiyopata oksijeni huingia katika aota, na midomo na kucha za mtoto hugeuka buluu. Katika fluoroskopia moyo wao mara nyingi ulikuwa na umbo la buti, na mapafu yalikuwa angavu.

Taussig aliona kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa na nafuu mwanzoni, kisha wakazidiwa ghafla. Hali hiyo ilitokea pale ulipofunga mshipa mfupi unaounganisha aota na ateri ya mapafu kabla ya kuzaliwa. Kwa watu wengi kufunga kwa mshipa huo ni jambo la kawaida, lakini kwa watoto hawa ulikuwa ndio njia ya ziada ya kupeleka damu mapafuni. Alihitimisha kwamba kinachowaua ni uhaba wa damu mapafuni, na kwamba wangesaidiwa kwa kutengenezewa mshipa mwingine kama huo.

Alimpelekea wazo hilo Robert Gross wa Boston, ambaye mwaka 1938 alikuwa amefaulu kuufunga mshipa huo kwa upasuaji, lakini Gross hakuvutiwa nalo.

Upasuaji wa mwaka 1944

Mwaka 1941 Alfred Blalock alikuja Johns Hopkins kuwa mkuu wa upasuaji, akifuatana na fundi wake wa maabara, Vivien Thomas. Thomas alikuwa Mmarekani Mweusi ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, kwa kuwa akiba yake ya ada ilipotea katika mdororo wa uchumi. Taussig alipowaeleza tatizo, Thomas alifanya majaribio kwa mbwa mpaka akapata namna ya kuunganisha ateri ya mkono na ateri ya mapafu.

Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimfanyia upasuaji mtoto wa kike wa miezi 15, aliyekuwa na uzito wa kilo 4 hivi. Thomas alisimama nyuma yake akimwelekeza. Mtoto alipata nafuu, ingawa alifariki miezi kadhaa baadaye. Mapema mwaka 1945 watoto wengine wawili walifanyiwa upasuaji, na mmoja wao, mvulana wa miaka sita, rangi yake ilibadilika kutoka buluu kuwa ya waridi akiwa bado mezani.

Makala ya Blalock na Taussig ilitoka Mei 1945, na wagonjwa wakaanza kumiminika Baltimore kutoka nchi mbalimbali. Katika miaka michache watoto zaidi ya 1,000 walifanyiwa upasuaji huo hospitalini hapo. Utambuzi sahihi ulikuwa sharti la kwanza, kwani mtoto ambaye mapafu yake tayari yalipata damu nyingi angeweza kudhuriwa na upasuaji uleule uliomwokoa mwingine.

Jina la Thomas halikuwemo katika makala hiyo, na kwa miaka mingi mchango wake haukutajwa. Johns Hopkins ilimpa shahada ya heshima mwaka 1976. Siku hizi wengi huuita upasuaji huo kwa majina ya wote watatu: Blalock, Thomas na Taussig.

Kazi za baadaye

Mwaka 1947 Taussig alitoa kitabu kuhusu kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, kilichotumika kufundishia madaktari wengi. Toleo la pili lilitoka mwaka 1960 katika juzuu mbili. Mwaka 1949, pamoja na Richard Bing, alieleza kasoro adimu ambayo aota hutoka katika chumba cha kulia, na ateri ya mapafu hukaa juu ya tundu lililo kati ya vyumba viwili vya chini. Inaitwa kasoro ya Taussig-Bing.

Mwaka 1962 alisikia habari za watoto waliozaliwa Ujerumani wakiwa na mikono au miguu isiyokua. Alisafiri kwenda kuchunguza, akarudi akiwa ameridhika kwamba chanzo kilikuwa thalidomaidi, dawa iliyotumiwa na wajawazito. Alitoa ushahidi mbele ya bunge la Marekani, na mwaka huohuo sheria za udhibiti wa dawa ziliimarishwa.

Tuzo na kifo

Alipewa Tuzo ya Lasker mwaka 1954, na mwaka 1959 akawa profesa kamili. Alistaafu mwaka 1963. Mwaka uliofuata Rais Lyndon B. Johnson alimpa Nishani ya Rais ya Uhuru, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Shirika la Moyo la Marekani. Hakuwahi kuolewa. Aliendelea kufuatilia maisha ya wagonjwa wake wa zamani, na uzeeni alichunguza mioyo ya ndege akitafuta asili ya kasoro hizo.

Alifariki katika ajali ya gari huko Pennsylvania tarehe 20 Mei 1986, siku nne kabla ya kutimiza miaka 88, alipokuwa akiwarudisha marafiki kutoka kupiga kura.

Leo kasoro za moyo wa watoto hutambuliwa zaidi kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo haina mionzi na huonyesha hata vali zikifunguka na kufunga. Hata hivyo, daktari bado huanza na maswali ambayo Taussig aliyauliza mbele ya kioo cha fluoroskopia: kila chumba cha moyo kipo wapi, kina ukubwa gani, na damu kiasi gani inafika mapafuni.