Babbage, mzee wa kompyuta aliyemwachia mwanawe lundo la vyuma

OKTOBA 18, 1871, mzee mmoja alifariki nyumbani kwake katika mtaa wa Dorset, London. Alikuwa amebakisha miezi miwili tu kufikisha umri wa miaka 80. Aliacha michoro mingi, karakana, na maelfu ya vipande vya shaba na chuma vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa lakini havikuwahi kufanya kazi iliyokusudiwa. Jina lake lilikuwa Charles Babbage. Leo anaitwa baba wa kompyuta, ila siku zile swali lililobaki lilikuwa la kinyumbani tu: sasa hivi vyuma vipelekwe wapi?

Kama una kompyuta kuukuu chini ya kitanda, ile ambayo mama huuliza kila Jumamosi itatoka lini, basi unaijua hali hiyo.

Babbage alizaliwa Desemba 26, 1791, mwana wa mwenye benki, kwa hivyo pesa hazikumpiga chenga. Mnamo 1810 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, na baadaye akawa profesa wa hesabu papo hapo. Alikuwa mtu wa kila jambo: reli, posta, kufuli, siri za maandishi. Pia alikuwa mkali. Wapiga vinanda wa barabarani walimkera hadi akapigania sheria ya kuwafukuza, nao, bila shaka, wakazidi kuja kumpigia mlangoni.

Zama hizo hakukuwa na kikokotoo. Baharia, mhandisi na karani wa bima wote walitegemea vitabu vya majedwali ya hesabu. Majedwali hayo yalipigwa kwa mkono na watu, na watu hao ndio walioitwa kompyuta. Ndiyo, kompyuta alikuwa binadamu! Alikosea kupiga hesabu, akakosea kunakili, kisha mpiga chapa naye akaongeza makosa yake. Mwaka wa 1821 Babbage aliketi na rafiki yake John Herschel kuhakiki majedwali kama hayo. Makosa yalikuwa mengi hadi Babbage akatamani kazi yote ifanywe kwa mvuke, kama vile viwanda vilivyofanya.

Wazo lake lilikuwa rahisi ajabu. Hebu chukua 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti kati yake ni 3, 5, 7, 9. Tofauti za tofauti hizo ni 2, 2, 2. Kumbe basi ukijua pale pa kuanzia, unaweza kuendelea hadi uchoke bila kuzidisha hata mara moja, ni kujumlisha tu. Na kujumlisha ni kazi ambayo gurudumu lenye meno linaiweza. Mashine hiyo, Mashine ya Tofauti, ilihitaji vipande takriban 25,000.

Serikali ya Uingereza ilianza kutoa pesa mwaka wa 1823, na fundi stadi Joseph Clement akapewa kazi ya kuchonga. Shida ni kwamba magurudumu mamia yalitakiwa kufanana kabisa, wakati ambapo kila skrubu ilikuwa ya karakana yake. Ilibidi Clement atengeneze kwanza vifaa vya kutengenezea vifaa. Miaka ikapita. Mnamo 1827 Babbage alimpoteza baba yake, mkewe Georgiana na watoto wawili, yote ndani ya mwaka mmoja, akaondoka nchini kwa muda kujituliza.

Mwaka wa 1832 sehemu moja, karibu moja kwa saba ya mashine, ilikamilika na ikafanya kazi barabara. Lakini mwaka uliofuata Babbage na Clement wakakosana kuhusu malipo, na fundi akaweka nyundo chini. Kwa desturi ya mafundi wa wakati huo, vifaa vya karakana vilikuwa mali yake hata kama mteja ndiye aliyelipa. Akaenda navyo. Vipande kama 12,000 vilikuwa tayari vimechongwa, havina pa kufungwa.

Hapa, kwa maoni yangu, Babbage alijiponza mwenyewe. Badala ya kusukuma kazi hiyo iishe, mnamo 1834 alianza kuwaza mashine nyingine kubwa zaidi, yenye kutumia kadi zenye matundu, sehemu ya kuhifadhi namba na sehemu ya kuzichakata. Ada Lovelace aliieleza vyema katika maandishi yake ya 1843, na ndiyo iliyompa Babbage sifa hadi leo. Lakini hebu jiweke mahali pa serikali: umetoa zaidi ya pauni 17,000, pesa za kununua vichwa zaidi ya 20 vya garimoshi, halafu jamaa anakwambia ana wazo bora zaidi. Mwaka wa 1842 wakakata kamba. Kati ya 1847 na 1849 alichora Mashine ya Tofauti ya pili, nyepesi zaidi. Hakuna aliyeijenga.

Basi mzigo ukamwangukia Henry, mwanawe mdogo, mwanajeshi aliyekuwa ametumikia India miaka mingi. Kutunza tani za vyuma si mchezo. Vipande vingi vya Clement viliishia kwenye tanuri, vikayeyushwa kama chakavu chochote kile. Huo ndio ukweli, na unauma. Hata hivyo Henry hakuachilia vyote. Kutokana na masalia aliunda vipande vichache vya maonyesho, kila kimoja magurudumu machache tu, akavigawa kwa vyuo: Cambridge, London, Manchester, na kimoja kikavuka bahari hadi Harvard, Marekani.

Kile cha Harvard kilisahaulika darini. Kisha miaka ya 1930 kijana Howard Aiken, aliyekuwa akipanga kujenga mashine ya kupiga hesabu yenyewe, alioneshwa magurudumu hayo yenye vumbi. Aiken akaanza kumsoma Babbage. Mwaka wa 1944 mashine yake, Harvard Mark I, ilianza kazi.

London nako, Jumba la Makumbusho la Sayansi lilihifadhi michoro na sehemu ile ya 1832. Kuanzia 1985 wataalamu waliamua kujenga ile Mashine ya Tofauti ya pili. Watu walikuwa wamesema kwa muda mrefu kuwa mafundi wa zama zile wasingeweza kuchonga kwa usahihi uliotakiwa. Masalia ya Clement yalipimwa, na ikaonekana kuwa waliweza. Mashine mpya ikachongwa kwa usahihi huohuo, usiozidi wa Clement. Mwaka wa 1991, miaka 200 tangu Babbage azaliwe, ilikokotoa bila kosa: vipande 4,000, uzito wa tani 2.6, na mkono wa chuma wa kuzungusha. Kichapishaji chake kikaongezwa 2002.

Naye Babbage mwenyewe hakutupwa. Ubongo wake uligawanywa mara mbili, na nusu moja imo katika jumba hilohilo la makumbusho.