Leo Fender: Fundi Asiyejua Kupiga Gita na Mzigo Aliouacha Mabegani

Ufuoni Kamere kuna mizani ya kupimia samaki. Mwezi jana tulipimia gita. Kuna msee hupiga mugithi kwenye baa za hapa kila mwisho wa mwezi, wafanyakazi wa mashamba ya maua wakishalipwa, na amekuwa akilalamika kwamba bega la kushoto linamuuma hadi hawezi kulalia upande huo. Tukatundika gita lake la mtumba kwenye ndoano. Kilo 4.8. Samaki wa uzito huo hapa angepigwa picha. Sasa fikiria umemvaa shingoni kuanzia saa tatu usiku hadi majogoo.

Nikarudi nyumbani nikitaka kujua ni nani aliyeamua gita la umeme liwe kipande cha mbao nzima, kisicho na uvungu kama lile gita la kawaida. Hakuwa peke yake, wapo wengine waliojaribu mapema, lakini aliyelitoa kiwandani kwa maelfu ni Leo Fender. Na huyo Leo, manze, hakujua kupiga gita. Hadi anakufa mwaka wa 1991 hakuwahi kujifunza.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California, kwenye familia ya wakulima wa machungwa. Akiwa na miaka minane alipata uvimbe jichoni, jicho likatolewa, akawekewa la kioo. Alisomea uhasibu na akafanya kazi hiyo, lakini ile hali ngumu ya miaka ya 1930 ikamtoa ofisini. Mwaka wa 1938 alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wanamuziki walianza kumletea vipaza sauti vilivyoharibika, na kutokana na malalamiko yao akajua shida ilikuwa wapi. Gita lenye uvungu likikaa karibu na spika yenye sauti kubwa hulia lenyewe, ule mlio mkali unaousikia maikrofoni ya kanisa ikikasirika. Ukiondoa uvungu, umeondoa sehemu kubwa ya mlio huo.

Kwa hivyo akachukua mbao. Sampuli zake za kwanza, 1949, zilikuwa za paini. Ndiyo, paini, jamaa wa hiyo tunayopigia dari huku. Gita lililoingia sokoni mwaka uliofuata lilikuwa la mti unaoitwa eshi, na kufikia 1951 likajulikana kama Telecaster. Mwaka wa 1954 likaja Stratocaster. Wapigaji walikuwa wamelalamika kwamba pembe za Telecaster zinawachoma mbavuni, hivyo kwenye hili jipya mbao ikachongwa nyuma na mbele ili ikae vizuri mwilini. Kuchonga huko kulipunguza na gramu kadhaa pia.

Watu huongea kana kwamba Leo alichagua mbao kwa sikio, akigongagonga kama mnunuzi wa tikiti maji. Mimi naona alichagua kama mhasibu. Katikati ya 1956 Stratocaster nyingi ziliacha eshi zikaanza kutengenezwa kwa olda, mti unaomea kwa wingi pwani ya magharibi ya Marekani. Eshi ina vinyweleo vikubwa, lazima uvizibe kabla ya kupaka rangi. Olda haina usumbufu huo. Eshi ikabaki hasa kwa yale magita ya rangi hafifu ambayo mistari ya mbao lazima ionekane.

Uzito je? Hapo bahati ilimsaidia. Kuna eshi inayomea kwenye nyanda za majimaji kusini mwa Marekani, mizizi ikiwa ndani ya maji sehemu ya mwaka, kama migunga yetu ziwa Naivasha likifurika. Sehemu ya chini ya mti huo hukua ikiwa na mbao nyepesi sana. Eshi ya ardhi kavu ni kitu kingine kabisa, ngumu na nzito. Jina la mti ni lile lile, lakini mbao mbili za kipimo sawa zinaweza kupishana kwa kilo nzima. Ndiyo maana kuuliza tu gita ni la mti gani hakukusaidii sana. Liinue.

Mwaka wa 1965 Leo, akiwa mgonjwa na akiamini siku zake zimeisha, aliuzia shirika la CBS kampuni yake kwa dola milioni 13. Halafu akabadilisha daktari, akapona! Akabaki anatazama wengine wakitengeneza magita yenye jina lake. Ilipofika miaka ya 1970, mengi yalikuwa mazito, mengine yakipita kilo 4.5. Mtindo wa wakati huo ulikuwa mbao ionekane, na wapigaji wengi waliamini gita zito hushikilia noti kwa muda mrefu. Gibson nao, wenye ile Les Paul ya mahogani, walilemewa hadi kuanzia 1982 hivi wakawa wanatoboa mashimo ndani ya mbao na kuyafunika kwa juu.

Imani hiyo ya uzito bado iko mtaani. Muuzaji atakuambia zito ndilo orijino. Mimi nasema ni porojo. Zile Telecaster na Stratocaster za miaka ya 1950 ambazo watu wanazilipia pesa za shamba, nyingi ziko kati ya kilo 3.2 na 3.6.

Leo hakustaafu. Alijiunga na Music Man, kisha akaanzisha G&L na rafiki yake George Fullerton, akaendelea kuchezea sumaku na skrubu hata ugonjwa wa Parkinson ulipomshika. Alifariki tarehe 21 Machi 1991. Ile eshi yake nayo inakwisha. Kuna mdudu kutoka Asia aliyegunduliwa Michigan mwaka wa 2002 anayeua miti hiyo kwa mamilioni, na mafuriko ya mto Mississippi yanazuia wakataji kuifikia. Mwaka wa 2020 kampuni ya Fender ilitangaza kuiondoa eshi kwenye magita yake mengi ya kawaida.

Msee wetu wa mugithi hana pesa ya kununua lingine. Mpango wake ni kubakisha shingo, nyuzi na sumaku, halafu fundi wa vitanda amchongee kiwiliwili kipya, unene wa sentimita nne na nusu. Kiwiliwili cha kilo 2 ni kizuri, kikifika 2.5 anarudi kwenye maumivu yale yale. Amenunua ubao wa paini, ila ulikuwa mbichi, na mbao mbichi hukudanganya kwa sababu nusu ya unachobeba ni maji. Ameuweka juu ya dari, na kila Jumamosi anauleta kwenye mizani hadi uache kupungua. Wiki hii umepoteza gramu 200. Umeanza pia kunuka samaki.