Oscar Baumann: Mchora ramani aliyepita Mbugwe na Ufiomi

Na Mwandishi Wetu, Babati

Mikataba ya mwaka 1886 na 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani iliigawa Afrika Mashariki kwa mistari iliyochorwa mezani huko Ulaya. Kwa mistari hiyo, nyanda zinazozunguka Ziwa Manyara, pamoja na nchi za Wambugwe na Wagorowa ambazo leo zimo katika Wilaya ya Babati, zilihesabiwa kuwa za Ujerumani. Wakati huo Ujerumani haikuwa na boma hata moja katika nyanda hizo, na sehemu kubwa ya ramani yake ilikuwa karatasi nyeupe. Miongoni mwa waliopewa kazi ya kuijaza karatasi hiyo ni Dkt. Oscar Baumann, raia wa Austria.

Baumann alizaliwa Vienna Juni 25, 1864. Alipokuwa na umri wa miaka 21 alijiunga na msafara wa Oskar Lenz uliopanda Mto Kongo, akaupima mto huo hadi maradhi yalipomlazimisha kurudi. Mwaka 1888 alifika Usambara pamoja na Mjerumani Hans Meyer. Hapo ndipo alipoonja hatari ya kazi yake: pwani ilikuwa imewaka moto wa vita dhidi ya Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki, na wawili hao walikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, wakaachiliwa baada ya kulipiwa fidia. Abushiri alielewa vema kwamba mtu mwenye dira na daftari hakuwa msafiri wa kawaida. Miaka miwili baadaye Baumann alirudi Usambara, safari hii akiwa ametumwa na Kampuni hiyohiyo.

Safari iliyolipa jina lake uzito ilianza Tanga Januari 1892, chini ya Kamati ya Kijerumani ya Kupinga Utumwa. Msafara wake wa wapagazi na askari ulikatiza nyika hadi Ziwa Manyara na nchi ya Wambugwe, ukapanda nyanda za juu, na mwezi Machi ukaingia katika bonde la Ngorongoro. Vitabu vingi humtaja kuwa Mzungu wa kwanza kuliona bonde hilo pamoja na maziwa ya Manyara na Eyasi. Neno kugundua, hata hivyo, lina mipaka yake. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Pangani ilikuwa ikipita Mbugwe na Irangi kabla yake, na tayari mwaka 1882 mmisionari J. P. Farler alikuwa amechapisha orodha ya njia hizo kama alivyosimuliwa na wasafiri wenyewe. Wenyeji wa nchi hizo, bila shaka, hawakuhitaji kugunduliwa.

Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeangamiza ng'ombe karibu wote wa Wamaasai, na njaa ikafuata. Huko Ngorongoro Baumann aliwakuta wanawake na watoto waliobaki mifupa mitupu wakizunguka kambi yake wakiomba chakula, naye akayaandika hayo kwa masikitiko. Lakini nyanda alizozipima zikiwa hazina mifugo hazikuwa nchi zisizo na wenyewe. Zilikuwa malisho ambayo wachungaji wake walikuwa wamekumbwa na msiba, na tofauti hiyo ramani haikuweza kuionesha.

Kutoka hapo alifika Ziwa Viktoria, na Septemba 1892 akaingia Urundi na kugusa Rwanda, nchi ambazo mkataba wa 1890 ulikwisha kuziweka upande wa Ujerumani kabla ya Mjerumani yeyote kuzikanyaga. Warundi wengi walimpokea kwa shangwe wakimdhania kuwa ni mtu wa ukoo wa Mwezi aliyerejea kutawala. Katika kurudi pwani alipitia tena nchi za huku, zikiwamo za Wagorowa ambao watu wa misafara waliwaita Wafiomi, akamaliza safari mapema mwaka 1893.

Vipimo vyake vilipelekwa Gotha, Ujerumani, ambako mchoraji Bruno Hassenstein alivigeuza kuwa ramani zilizochapishwa mwaka 1894, mwaka ambao pia kilitoka kitabu chake juu ya safari hiyo. Kwa mara ya kwanza ofisa aliyeketi Dar es Salaam au Berlin aliweza kutaja mlima, ziwa na kabila la huku bila kuwahi kufika. Novemba 26, 1895 ilitolewa amri ya Kaiser iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya Dola. Amri hiyo iliwaachia nafasi machifu na jamii walioweza kuthibitisha haki zao, ila uthibitisho huo ulitakiwa mbele ya serikali ileile iliyokuwa ikidai ardhi. Kwa mfugaji anayehama kwa majira, na aliyekuwa amepoteza mifugo yake, mzigo huo ulikuwa mzito mno.

Baumann mwenyewe hakuwa mtawala wa koloni. Mwaka 1896 aliteuliwa kuwa konseli wa Austria na Hungaria Zanzibar, akaendelea kupima na kuandika juu ya visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Maradhi yalimrudisha Vienna, akafariki Oktoba 12, 1899 akiwa na umri wa miaka 35.

Katika Mji wa Babati jina walilolitumia watu wa misafara halijapotea. Mlima unaoutazama mji huo wenyeji huuita Kwaraha. Msitu unaoufunika umesajiliwa serikalini kwa jina la Hifadhi ya Msitu wa Ufiome.