Habari za Charles Laughton, Askari Aliyekuwa Mwigizaji

Katika mji wa Scarborough, ulio pwani ya mashariki ya Uingereza, palikuwa na mtu na mkewe waliofanya kazi ya hoteli. Tarehe 1 Julai 1899 walimzaa mwana wao wa kwanza, wakamwita Charles; na baada yake wakazaliwa ndugu zake wawili wanaume. Mama alikuwa Mkatoliki mwenye bidii, naye Charles akapelekwa kusoma Stonyhurst, shule ya mapadre Wajesuiti. Wazazi walikuwa wameiinua kazi yao kwa jasho jingi, na shauri lao lilikuwa moja, kwamba mzaliwa wa kwanza ataishika baada yao. Kwa hiyo alipomaliza shule walimpeleka London, katika hoteli kubwa ya Claridge's, ili ajifunze kazi. Lakini moyo wa kijana ulikuwa penginepo. Kila alipopata nafasi alikwenda kutazama michezo ya kuigiza.

Ndipo vita kuu ya kwanza ikamwita. Mwaka 1917 aliingia jeshini, akawa askari wa kawaida, asiye na cheo. Akapelekwa Ufaransa, na siku za mwisho za vita alidhurika kwa hewa ya sumu. Vita ilipokwisha akarudi kwao, akiwa ameona mengi kwa umri wake.

Basi, alitaka kuwa mwigizaji. Jamaa zake hawakukubali. Wala tusiwahukumu upesi. Walijua ya kuwa kazi ya hoteli ina chakula cha kesho, bali waigizaji wengi walikaa na njaa. Tena Charles hakuwa kijana mzuri wa uso. Alikuwa mnene, na mwenyewe alijua hivyo. Nani atatoa fedha yake ili amtazame mtu wa namna ile?

Charles hakuvunja nyumba ya baba yake kwa ugomvi, wala hakuzika kipawa chake. Alifanya kazi hotelini muda wa miaka sita hivi, na saa za jioni aliigiza pamoja na watu wa mji waliocheza bila mshahara. Mchana aliwapokea wageni wa kila namna, matajiri na wenye kiburi, wenye huzuni na wenye hila. Kwa mtu mwenye macho, hoteli ni chuo kikubwa cha tabia za wanadamu.

Mwisho, mwaka 1925, jamaa zake wakamwachilia aende London katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa ya Maigizo. Akasoma kwa bidii hata akapewa nishani ya dhahabu. Tarehe 28 Aprili 1926 alianza kuigiza kwa mshahara, katika mchezo wa Gogol, Mrusi, juu ya mkaguzi wa serikali. Alikuwa mtumishi Osip, ambaye yeye na bwana wake wamekwama katika nyumba ya wageni, hawana fedha ya kulipa. Mwana wa wenye hoteli aliyajua mambo hayo vema! Nyumbani, ndugu yake Tom akaiendeleza kazi ya wazazi, wala haikuanguka.

Tangu hapo jina lake likavuma. Mwaka 1929 alimwoa Elsa Lanchester, mwigizaji kama yeye. Mwaka 1933 alikuwa Mfalme Henry wa Nane katika picha ya sinema, na kwa kazi hiyo akapewa tuzo kuu ya Marekani ya waigizaji. Mwaka 1939 alikuwa Quasimodo, mpiga kengele mwenye kibiongo. Na mwili ule uliotiliwa shaka ukawafanya watu wamhurumie aliyedharauliwa.

Wakati wa vita ya pili, akikaa Marekani, alikwenda hospitalini kuwasomea askari waliojeruhiwa, Biblia na vitabu vingine. Aliyejua maumivu ya vita aliwafariji kwa sauti yake. Baadaye alizunguka miji mingi ya Marekani akiwasomea watu, nao wakajaa kumsikiliza. Mwaka 1950 akawa raia wa nchi ile, akafa Hollywood tarehe 15 Desemba 1962.

Wasomaji wapenzi, ninyi wazazi msiwe wepesi kudharau kipawa cha mtoto kwa sababu hakifanani na kazi yenu. Nanyi vijana, kumbukeni ile miaka sita ya hotelini. Subira yavuta heri.