Wahome Mutahi: Mcheshi aliyeificha siasa sebuleni

WAKENYA wengi walionunua magazeti ya Jumapili katika miaka ya 1980 na 1990 hawakuanza kusoma ukurasa wa kwanza. Walifungua kwanza ukurasa wenye safu iliyoitwa Whispers, wakacheka peke yao, kisha wakamsomea jirani aliyeketi karibu. Mambo ya Serikali yangeweza kusubiri. Hata hivyo, waliosoma kwa makini walifahamu kwamba mambo hayo ya Serikali walikuwa wamekwisha kuyasoma, humo humo ndani ya kicheko.

Aliyekuwa akiiandika safu hiyo ni Paul Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri, aliyeiona dunia Oktoba 24, 1954. Alipitia seminari ya Kikatoliki, lakini hakuishia altareni. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, na baada ya masomo akatumikia kwa muda utawala wa mikoa akiwa ofisa wa tarafa, kabla ya kuingia katika uanahabari.

Njia hiyo ilimpa mambo mawili ambayo hayakumtoka maishani. Seminari ilimpa lugha ya dhambi, toba na maungamo. Utawala wa mikoa nao ulimwonyesha dola ilivyo inapomfikia mwananchi wa kawaida: baraza la chifu, hotuba ndefu juani, makofi ya lazima, na raia anayeitikia ndiyo huku moyoni akisema la.

Whispers ilianza mwaka 1982 katika gazeti la Sunday Standard, na baadaye ikahamia Sunday Nation. Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Mwezi Juni, Bunge lilibadilisha Katiba na kuifanya Kanu kuwa chama cha pekee kwa mujibu wa sheria. Mwezi Agosti, askari wa jeshi la wanahewa walijaribu kuipindua Serikali ya Rais Daniel arap Moi, wakashindwa. Tangu hapo hofu ilitanda nchini. Mhariri alipima kila neno, na mwandishi aliyetaka kumkosoa mkubwa alijua kwamba angeweza kulala kwake leo na kesho akalala korokoroni.

Mutahi hakupambana na ukuta huo kwa kichwa. Aliuzunguka, akaingia nyumbani kwa mtu mmoja wa mtaani Nairobi. Mtu huyo ni Whispers mwenyewe, mume anayejigamba kuwa kichwa cha nyumba ilhali kila mtu nyumbani anajua kwamba kichwa hicho hakitikisi chochote. Hutoroka kwenda baa, hurudi usiku akiwa amelewa, na hutunga visingizio ambavyo havimdanganyi hata mtoto.

Mkewe anaitwa Thatcher, jina lililomkumbusha msomaji waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule, mwanamke ambaye wanaume wengi walimwogopa. Mwanawe ni Whispers Junior, kijana asiyetishika kwa ukali wa baba. Bintiye ameitwa Pajero, jina la gari ambalo tajiri wa miaka hiyo alilitamani. Kule kijijini yuko mama mzazi, Appepklonia, ambaye jina lake la ubatizo, Appolonia, limepindwa na ulimi wa Kikuyu hadi likawa jina jipya. Yuko pia Padri Camissassius, mmisionari wa Kitaliano, ambaye kivuli chake cha kutisha kinamfuata Whispers hadi utu uzima.

Hiyo ndiyo jamaa iliyobeba siasa za nchi kwa miongo miwili. Whispers alipodai heshima ambayo hakuifanyia kazi, msomaji alimjua anayefanana naye. Alipozimaliza pesa za nyumba kwenye vinywaji kisha akaihutubia familia kuhusu kubana matumizi, hapakuwa na haja ya kumtaja waziri yeyote. Mke na watoto walipomsikiliza kwa adabu kisha wakafanya walivyotaka, raia aliyekuwa ametoka kupigia makofi hotuba asiyoiamini alijitambua. Mwandishi hakumtukana mtu. Alijicheka mwenyewe, na ilikuwa vigumu kwa askari kumkamata mtu kwa kosa la kujicheka.

Safu hiyo haikukosa kasoro. Ucheshi wake ulielemea sana maisha ya Wakikuyu, na msomaji wa leo huenda akakereka na jinsi wanawake walivyotaniwa humo. Hata hivyo, katika utani huo mwanamume ndiye aliyeaibika mara nyingi zaidi, na Thatcher ndiye aliyebaki na akili timamu. Lugha nayo ilikuwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili na Kikuyu, kikasikika kama kinavyosemwa ndani ya matatu.

Kicheko hakikumkinga hadi mwisho. Mwaka 1986, Serikali ilipokuwa ikiwasaka watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa kundi la siri la Mwakenya, Mutahi alikamatwa pamoja na nduguye. Alizuiliwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya jumba la Nyayo, katikati ya jiji la Nairobi. Humo washukiwa walipigwa, wakanyimwa chakula na kufungiwa uchi ndani ya maji hadi wakiri. Kutoka hapo alipelekwa katika gereza la Kamiti.

Wapo waliotoka katika vyumba vile wakanyamaza, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Mutahi alitoka akaandika. Mwaka 1991 ilichapishwa riwaya yake Three Days on the Cross, inayosimulia mateso ya watu waliotiwa mbaroni na askari wa usalama katika nchi ya kubuni yenye mtawala anayeogopwa kama mungu. Nchi hiyo haikutajwa kuwa Kenya, lakini msomaji Mkenya hakuhitaji ramani. Riwaya hiyo ilimpatia Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Nyingine, The Jail Bugs, iliyaangazia maisha ya gerezani.

Katika riwaya hizo mbili yule mcheshi wa Jumapili haonekani kwa urahisi. Uchungu ambao katika safu ulifunikwa kwa kilevi na vituko vya nyumbani, hapa umeachwa wazi. Anayezisoma kisha akarudi kwa Whispers hutambua kwamba mwandishi alifahamu vyema gharama ya mzaha anaoufanya, na bado aliendelea kuufanya kila wiki.

Hata hivyo, gazeti la Kiingereza lilikuwa na mipaka yake. Lilimfikia anayekijua Kiingereza na mwenye pesa za kulinunua. Wazee wa kijijini aliowaandika hawakuweza kumsoma. Katika miaka ya 1990 Mutahi aligeukia tamthilia za Kikuyu, akazipeleka mahali ambapo Whispers mwenyewe angepatikana: katika baa.

Uamuzi huo ulikuwa na historia nyuma yake. Huko Limuru, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu walikuwa wameigiza kwa Kikuyu wakishirikiana na Ngugi wa Thiong'o. Ngugi alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1977 na kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Ilidhihirika kwamba ukumbi wa wananchi unaweza kuangushwa kwa siku moja. Baa hazingeweza kubomolewa zote. Aidha, watazamaji walikuwa wameshaketi, na jukwaa lilihitaji tu kusogeza meza chache.

Tamthilia iliyovuma zaidi ni Mugaathe Mubogothi, aliyoiandika pamoja na Wahome Karengo, kuhusu mtukufu ambaye akili zimemruka na anapayukapayuka. Katika nchi ambayo kila taarifa ya habari ilianza kwa kumtaja Mtukufu Rais, jina hilo pekee lilitosha kuujaza ukumbi. Lilitosha pia kuwaleta polisi, ambao wakati mwingine waliyazima maonyesho. Makaririra Kioro ilifuata njia hiyo hiyo. Watu waliokuja kunywa walijikuta wakiwacheka watawala hadharani, kwa lugha yao, wakiwa wamekaa bega kwa bega na watu wasiowajua. Si jambo dogo hilo kwa raia waliozoea kunong'ona, na si ajabu kwamba jina la safu yake lilikuwa na maana hiyo hiyo ya minong'ono.

Wananchi wenyewe hawakusalimika. Kitabu chake How to be a Kenyan, kilichotoka mwaka 1996, kiliwaanika Wakenya na tabia zao. Kwa Mutahi, mtawala mbaya hakuanguka kutoka mawinguni. Alilelewa katika nyumba kama ya Whispers, mahali ambapo uongo mdogo husamehewa na majigambo hupigiwa makofi.

Desemba 30, 2002, Mwai Kibaki aliapishwa, na utawala wa miaka 24 wa Moi ukakoma. Februari 2003, Serikali mpya ilivifungua vyumba vya mateso vya Nyayo ili umma ujionee. Kwa mwandishi aliyepitia humo, huo ungekuwa mwanzo wa awamu nyingine: kuwacheka watawala wapya bila kutazama nyuma.

Hakupata nafasi hiyo. Machi 7, 2003, siku 67 tu baada ya kiapo hicho, Mutahi alifanyiwa upasuaji mdogo wa kuondoa uvimbe wa mafuta. Hakuzinduka tena. Alilala bila fahamu kwa siku 137, huku wasomaji wakifuatilia hali yake kana kwamba ni ya mtu wa nyumbani. Julai 22, 2003, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 48. Jela na mateso havikumuua. Alikufa kutokana na upasuaji ambao wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Chama cha Wachapishaji nchini kilianzisha Tuzo ya Fasihi ya Wahome Mutahi mwaka 2006. Waandishi wa Kiswahili nao hushindania tuzo hiyo, ingawa yeye aliandika hasa kwa Kiingereza na Kikuyu. Wasomi nao wameichambua Whispers kama kumbukumbu ya enzi ya chama kimoja na miaka iliyofuata.

Kumbukumbu hiyo ina thamani ya pekee. Hansadi za Bunge la miaka ile zimejaa sifa kwa kiongozi, na taarifa za redio vivyo hivyo. Anayetaka kujua Wakenya walizungumza nini hasa walipofunga milango yao atalazimika kuyatafuta magazeti ya Jumapili ya zamani, aingie nyumbani kwa mlevi mmoja wa Nairobi, na amsikilize mkewe akimuuliza pesa za chakula zimekwenda wapi.