Robert Flaherty: Aliyeunguza Filamu Yake Akaanza Upya

Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, na walinena kweli. Ila mwenye mnazi anajua pia kuwa vidaka vingi huanguka kabla ya kuwa hata dafu. Nami ninacho kidaka changu kilichoanguka. Zamani kidogo, mimi na wenzangu wawili tuliazimia kutengeneza filamu juu ya mzee mmoja fundi wa majahazi. Tulipiga picha siku nne, pesa zikatuishia, kila mlango tuliobisha tukaambiwa turudi kesho, na mzee akatangulia mbele ya haki. Kanda zake zimo kabatini kwangu hadi leo. Ndiyo sababu maisha ya Robert Flaherty huyasoma kama mgonjwa anayetafuta dawa.

Flaherty alizaliwa tarehe 16 Februari 1884 katika mji wa Iron Mountain, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake alikuwa mtafutaji wa madini, na mwana akaifuata kazi ya baba. Tangu 1910 alikuwa akitumwa na Sir William Mackenzie, tajiri wa reli wa Kanada, kwenda kutafuta chuma katika ghuba ya Hudson, huko kaskazini ambako bahari yenyewe huganda. Mwaka 1913, alipokuwa akijiandaa kwa safari nyingine, Mackenzie alimshauri achukue na kamera. Flaherty hakuwa fundi wa picha. Alijifunza wiki tatu tu mjini Rochester, akafunga safari.

Huko alikutana na Wainuiti, watu ambao wageni walikuwa wakiwaita Waeskimo, akawapiga picha kwa maelfu ya futi za filamu. Mwaka 1916 alikuwa mjini Toronto akizipanga picha zake, sigara mkononi. Filamu za zama zile zilishika moto upesi kuliko makuti ya kiangazi. Sigara ikamponyoka, na kazi ya miaka ikateketea papo hapo.

Basi hapa ndipo ninapomstahi mtu huyu. Ilibaki nakala moja aliyoweza kuitazama, na alipoitazama alikiri kwamba haikuwa na ladha. Ilikuwa picha ya hapa na picha ya pale, mtu huyu na yule, bila uzi wa kuzifunga pamoja. Akaona kwamba lazima arudi, na safari hii amfuate mtu mmoja na jamaa zake tangu asubuhi hadi usiku, ili mtazamaji amjue kama amjuavyo jirani. Moto ulimwonyesha kosa ambalo pengine asingeliona.

Lakini wazo bila fedha ni jahazi bila tanga. Alizunguka akiomba, na ikamchukua miaka hadi 1920, ndipo kampuni ya Kifaransa ya Revillon Frères, wafanya biashara wa ngozi za manyoya, ilipokubali kugharimia. Alinunua futi 75,000 za filamu, mashine ya umeme, mtambo wa kuonyeshea picha, na kamera mbili za Akeley. Kamera hizo zina mkono wa kwetu Kenya ndani yake. Carl Akeley aliyezibuni alikuja huku mwanzoni mwa karne ile, akajaribu kuwapiga picha mashujaa wa Kinandi wakiwinda simba kwa mikuki, na kamera yake ikawa nzito mno kuwafuata. Aliporudi kwao akabuni iliyo nyepesi kugeuka.

Mwezi wa Agosti 1920 Flaherty alifika Inukjuak, akakaa mwaka mzima. Alimchagua mwindaji hodari aitwaye Allakariallak, akampa katika filamu jina la Nanook, maana yake dubu. Picha zilisafishwa papo hapo. Maji ya kuzisafishia yalichotwa katika tundu lililotobolewa kwenye barafu ya mto, yakaburutwa kwa mapipa, na humo mkadondoka manyoya ya nguo za wachotaji. Wainuiti ndio waliobeba, waliosafisha, na hata walioifungua kamera na kuifunga upya ilipolowa. Kila picha ikikauka aliwaonyesha wenyewe, ili wajue wanatengeneza nini. Wakati mmoja yeye na Nanook walisafiri maili zipatazo 600 kumtafuta dubu wa kumpiga picha. Nusura wafe njaa, na dubu hawakumwona.

Filamu ilipokwisha, wenye majumba ya sinema wakaikataa, wakisema hakuna atakayelipa kutazama watu wa barafu. Mwishowe kampuni ya Pathé iliichukua, na tarehe 11 Juni 1922 ikaonyeshwa New York. Watu walijaa. *Nanook of the North* ikazunguka ulimwengu mzima. Mwaka 1926, Mskoti John Grierson alipoiandikia filamu ya pili ya Flaherty, *Moana*, iliyopigwa kisiwani Samoa, ndipo alipotumia neno ambalo hata leo Wazungu huziitia filamu za maisha ya kweli.

Je, yalikuwa ya kweli? Hapo ndipo pana mjadala. Mke wa Nanook katika filamu hakuwa mkewe. Nyumba ya theluji ilijengwa nusu, ili mwanga uingie. Wainuiti walikuwa wameshazoea bunduki, lakini Flaherty aliwataka washike chusa za mababu zao. Walipomchoma walrasi, yule mnyama wa bahari mwenye meno kama ya ndovu, akawavuta kuelekea majini, walimpungia mkono apige risasi. Flaherty alijifanya hakuelewa, akaendelea kuzungusha kamera.

Hakukoma. Katika *Man of Aran* ya 1934, huko Ireland, aliwatia wavuvi katika mashua dhaifu wamwinde papa mkubwa, kazi ambayo wazee wao walikuwa wameiacha zamani. Mafuta ya maini ya papa huyo waliwashia taa, kama sisi tulivyopaka sifa vyombo vyetu. Ilibidi wafundishwe upya, na mawimbi yangeweza kuwameza.

Na deni kubwa zaidi alilibakisha Inukjuak. Mmoja wa wanawake walioonekana katika filamu alimzalia mtoto wa kiume, Josephie, baada ya yeye kuondoka. Flaherty hakurudi wala hakumtambua hadharani. Mwaka 1955 serikali ya Kanada ilimhamishia Josephie na jamaa zake Grise Fiord, mbali zaidi kaskazini, kwenye giza la miezi. Naye Allakariallak alifariki miaka kama miwili baada ya filamu yake kushangiliwa.

Flaherty mwenyewe alifariki tarehe 23 Julai 1951 huko Vermont, Marekani. Katika umri wa miaka 67 alikuwa amekamilisha filamu chache tu ndefu zilizo zake hasa, na karibu kila moja mkewe Frances alikuwa naye kazini.

Wiki iliyopita nilizitoa kanda zangu kabatini. Nilizitazama usiku, nikaona kosa lile lile la Toronto. Mna tezo, mna mbao, mna misumari, lakini mzee mwenyewe hamna. Nikaona na kosa la Inukjuak. Siku ile tulimwomba aifiche keekee yake ya umeme, ashike ile ya uta aliyoiacha baba yake. Alicheka, akatukubalia kwa ukarimu. Sisi hatukumuuliza lolote kuhusu ile ya umeme, aliinunua lini, na ilimpunguzia mangapi.

Mzee hayupo, lakini mwanawe yupo, na bado anashika tezo. Nimemwendea. Nimemwambia tutaanza upya, na safari hii mashine isifichwe. Naye amenipa sharti moja, kwamba filamu ikiisha ionyeshwe kwanza palepale gudini, mbele ya watu wake, kabla haijapelekwa kokote. Nimelikubali. Sasa natafuta tanga.