Mtakatifu Teresa wa Ávila na Njozi Zake

Teresa alizaliwa Hispania mwaka wa 1515, akaingia utawa wa Wakarmeli mjini Ávila mwaka wa 1535. Alipopita umri wa miaka 40 akaanza kutokewa na Bwana Yesu katika sala. Mapadre wakashikwa na hofu, wala hatuwalaumu. Mwaka wa 1546 mtawa mmoja wa Córdoba, Magdalena de la Cruz, aliyesifiwa hata katika nyumba ya kifalme kuwa mtakatifu, alikuwa amehukumiwa kwa udanganyifu.

Basi wakamwambia Teresa ya kuwa ni kazi ya Shetani. Padre mmoja aliyemwungamisha akamwamuru, kila atakapotokewa, afanye ishara ya dharau kwa vidole. Tufikiri uchungu wake: kumdhihaki yule ambaye moyo wake ulimjua kuwa ndiye Bwana! Walakini alitii. Alishika msalaba mkononi, asichoke kujiandika ishara ya msalaba kila mara, akafanya aliyoamriwa huku akiomba radhi. Na Bwana akamjulisha kwamba amefanya vema kutii. Sisi twauona utii huu kuwa ushahidi kupita njozi zenyewe, maana mdanganyifu hakubali kupimwa.

Mwaka wa 1560 Petro wa Alcántara, mtu wa toba kuu, alimsikiliza, akamtuliza moyo. Hata baada ya hayo Teresa aliandika habari zake, zikapelekwa kwa Yohane wa Ávila azipime. Naye mwaka wa 1568 akazikubali. Teresa alifariki mwaka wa 1582, akatangazwa mtakatifu mwaka wa 1622.